Kuni Chini ya Kitanda cha Mama

Kaka yangu hakuuza hata kipande kimoja cha miti yake, na sababu ni mimi. Nalisema mapema nisije nikasingiziwa upole. Wanaonijua leo, bibi kizee anayegawa maandazi kwa watoto wa jirani, hudhani nilizaliwa hivi. Wapi! Nilikuwa na ulimi, na ulimi huo kila siku ulimtafuta mtu mmoja tu.

Tulikuwa mafundi cherehani Biryogo, mtaa wa Waislamu mjini, mimi na yeye, kibaraza kimoja, cherehani mbili za marehemu baba. Watu wa babu yetu walikuja na misafara ya biashara kutoka pwani, wakaoa hapa, wakasahau kurudi. Baba alituachia zile cherehani na sheria moja: kazi haitoki kibarazani kwa jicho la aliyeifanya peke yake. Ukimaliza suti unampa mwenzako. Anaigeuza ndani nje, anavuta mishono, anatazama kola inavyolala, halafu anasema "imepita" au "haijapita". Ikiwa haijapita, mteja hata akilia machozi, haitoki. Kaka alikuwa na mikono kunishinda mimi mbali sana. Mimi nilikuwa na jicho. Baba alilitamka hilo mbele ya watu kabla hajafa, na kaka, ambaye ndiye mkubwa, aliitikia kwa kichwa. Tangu siku hiyo hakutoa kazi yoyote bila kunipa kwanza.

Mwaka wa tisini, vita vilipoanza kule mpakani kaskazini, suti zikapungua. Nani atashona suti wakati kila njia ina bariyeri ya askari na kila baada ya hatua mbili unaulizwa kitambulisho? Wengine wakikosa kazi hutafuta kazi. Kaka yangu alitafuta mizizi. Alishuka kwa miguu mpaka mto Nyabarongo, eti kunyoosha viungo, akarudi alasiri na matope mpaka magotini, begani amebeba mdude mweusi unaochuruzika maji na kunuka kinamasi.

"Nini hicho?" nikamwuliza.

"Mto umenipa."

Nilicheka mpaka mama akatoka ndani kuuliza kuna nini. Mto umempa! Mto umeng'oa mti wa watu huko milimani, umeugonga kwenye mawe, umeutafuna, umechoka nao, umeutema, halafu anakuja mtu mzima mwenye ndevu zake anauokota na kushukuru. Mama akasema niache, kila mtu na lake. Mama alikuwa hivyo, alimtetea yeyote ambaye hakuwepo na yeyote ambaye alinyamaza, na kaka alikuwa bingwa wa kunyamaza.

Basi ikawa desturi. Kila mvua kubwa ikiisha anashuka, anarudi na mzizi, au pingili ya shina, au tawi lililopindwa na maji. Hakuchonga. Hilo lilikuwa jambo lake kubwa, alilitangaza kwa kila aliyesimama: "Sijachonga. Nimeokota." Sisi Waislamu tumekatazwa kutengeneza sanamu za viumbe, na yeye alikuwa amejipatia kijilango chake cha pembeni. Yeye haumbi kitu. Mto ndio umeshafanya, yeye anasafisha tu. Nilimwambia, kaka, hiyo ni dini ya mwanasheria.

Na kusafisha kwenyewe kulikuwa na masharti mengi kuliko harusi. Mti wa mtoni ukiuweka juani unapasuka. Sharti ukauke gizani, polepole, masika mawili na kiangazi katikati. Chumba chenye giza kilikuwa kimoja, cha mama. Akakiinua kitanda cha mama juu ya matofali, matatu kila mguu, akasukumia miti yake mvunguni. Mama wa watu, na magoti yale, akawa anapanda kitandani kama anayepanda lori. Hakulalamika. Mimi nililalamika kwa niaba yake asubuhi na jioni.

Mti ukishakauka anaugonga kwa kidole, anausikiliza. Sauti ikimridhisha anakaa nao kibarazani na kipande cha chupa iliyovunjika, anakwangua kilichooza, anafuata mshipa wa mti, siku nzima, wiki nzima. Halafu anachukua vipande vyangu vya kaki, vyangu mimi, nilivyoweka kwa viraka, anavichovya kwenye mchanga laini, anasugua. Halafu kiganja kitupu. Hakuna mafuta, hakuna vanishi, hakuna msumari. "Mkono wa mtu ukionekana," alisema, "imeharibika."

"Kama mkono wako hauonekani, basi wewe umefanya nini?"

Alikuwa akicheka nikisema hivyo. Ndilo lililoniudhi zaidi, kile kicheko.

Akimaliza, anakuja nao mpaka mezani kwangu. Anausogeza mkasi, anaweka kile kitu juu ya cherehani yangu, palepale panapowekwa suti, anarudi nyuma hatua mbili na kukunja mikono.

"Dada, unaonaje?"

"Kuni."

Anauchukua, anaurudisha mvunguni. Kesho anaanza mwingine. Sheria ya baba ni sheria ya baba, na haikupita kichwani mwake kwamba kazi ya mto iko nje ya sheria hiyo. Kama angetaka angeuza. Wapita njia walisimama, wengine waliomba. "Bado haijapita," anawajibu, na kuninyooshea kidevu, na wote wananigeukia kunitazama kama hakimu. Nilifurahia, nisiseme uongo. Ukishindwa kumzidi mtu kwa mikono, kumkatalia ni raha yake.

Wageni nao walikuwa vituko. Maalim wa msikitini kwetu alikuja kila baada ya muda kukagua kama kuna macho. Alivaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, akainama mpaka kanzu ikafagia vumbi. Siku moja akapata matundu mawili kwenye mzizi mmoja.

"Hili?"

"Tundu la funza, maalim."

"Na hili la pili?"

"Funza mwingine."

"Yako sawasawa," maalim akasema, na uso umekunjamana. "Funza hawapimi kwa futi." Akaamuru tundu moja lizibwe. Kaka akaliziba kwa unga wa mti, na maalim akaondoka ameridhika, dini imepona. Miaka yote ile ya kusoma, ikaishia kwenye kuhesabu matundu ya funza! Siku ile kwa mara ya kwanza nilikaribia kuwa upande wa kaka, lakini nilijizuia.

Mwaka wa tisini na tatu, katikati, akamaliza ndege.

Ulikuwa mzizi mrefu wenye shingo nyembamba iliyogeuka nyuma, na mwili mdogo umejikunyata, kama korongo wa kinamasini anapojikuna mgongo. Alikuwa ameukausha muda wote unaotakiwa na zaidi. Siku alipoumaliza wapigaji soga wa mkahawa wa jirani walivuka njia na vikombe vyao mkononi, wakanyamaza. Watu ambao hawajawahi kunyamaza hata kwenye mazishi. Kaka akauweka juu ya cherehani yangu, akarudi nyuma hatua mbili.

"Dada, unaonaje?"

Nilitazama shingo ile. Jicho nilikuwa nalo, baba hakukosea.

"Kuni," nikasema.

Wiki ile ile akaja mama mmoja mzungu, mke wa bwana wa mradi fulani, niliyekuwa namshonea mapazia. Mapazia mabaya, maua makubwa kama kabichi, lakini kitambaa kililetwa na yeye. Akamwona ndege, ambaye kaka alikuwa bado hajamrudisha mvunguni. Akapiga kelele kidogo, akazunguka, akapiga magoti kwenye vumbi letu na sketi yake nyeupe.

"Hii iko ndege?"

"Ni mti, madamu," kaka akajibu.

"Hapana, iko ndege! Macho iko wapi?"

Kaka akamweleza kwamba macho hayapo na hayatakuwepo, na kwamba, hata hivyo, kazi bado haijapita. Yule mama hakuelewa neno. Alisema kuna maonyesho yanakuja, ya vitu vya mikono, wazungu wote watakuwepo, atampeleka ndege huyu, lakini lazima awe na macho, ndege bila macho iko kipofu, watu watasikitika. Akasema atarudi Ijumaa kuchukua mapazia na jibu.

Wote wawili walinichefua. Yule anayetaka ndege apigwe macho kama mdoli, na huyu anayelinda mzizi kama bikira. Ijumaa, kaka alipokwenda kuswali, nikapasha msumari kwenye makaa ya pasi. Nikamtoboa ndege jicho la kulia, nikamgeuza, nikamtoboa la kushoto. Mti ulitoa moshi mdogo. Halafu nikaomba vanishi kwa seremala wa nyuma, nikampaka mpaka akang'aa kama meza ya ofisini. Nilikuwa nikijiambia namsaidia, aende huko kwenye maonyesho, kibaraza kipumue. Uongo mtupu. Nilitaka niguse kitu kile kwa mkono wangu, na sikujua njia nyingine ya kukigusa.

Yule mama alifika kwanza. Alipiga makofi. Kaka akafika nyuma yake, kofia mkononi, akasimama. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nina maneno tayari, makali yamepangwa. Hakunigombeza.

"Hii haiuzwi, madamu," akasema. Halafu akanigeukia. "Mkono wako unaonekana."

Akamchukua ndege akamsukumia mvunguni, mwisho kabisa, ukutani. Akaendelea kushuka mtoni, akaendelea kukwangua. Lakini hakuniletea tena. Anamaliza kipande, anakipitisha mbele ya cherehani yangu bila kusimama, anakwenda nacho ndani. Mimi niliyekuwa nachoka na lile swali nikaanza kulisubiri. Kiburi hakikuniruhusu kumwuliza mbona hunionyeshi. Nikazidi kuwa mkali kwa kila mtu, hata wateja wakaona.

Ndivyo tulivyokuwa Aprili ya tisini na nne ilipotukuta.

Sitaeleza kilichotokea mjini. Waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo wana kelele za kutosha za kujifanya wanajua. Nitasema ya chumba cha mama. Siku ya pili ya mauaji mama mmoja aliyekuwa akituuzia maziwa, jirani wa nyuma, aliruka ukuta wetu na watoto wake watatu. Walikuwa wanatafutwa kwa ajili ya kabila lao. Kaka hakuuliza kitu. Aliingia chumbani akaanza kutoa miti mvunguni, akitoa haraka kuliko nilivyowahi kumwona akifanya jambo lolote, na watu wanne wakaingia mahali pale, wakalala ubavu kwa ubavu. Kitanda kingekuwa cha kimo cha kawaida wasingeenea. Halafu akaipanga miti tena mbele yao, ukingoni, imebanana mzizi kwa mzizi, mpaka ukiinua shuka unaona mbao chafu za mtoni tu. Mama akapanda juu na tasbihi yake.

Walikuja kupekua mchana. Vijana ambao mwaka uliotangulia nilikuwa nawatia viraka vya makalioni, leo wameshika mapanga na wananusa kila kona kama ndio waliozaliwa na akili. Mmoja, ambaye hata kushona kifungo hakuweza, aliinua shuka kwa ncha ya panga.

"Fundi, hii iko nini?"

"Kuni," nikamwambia. "Za mwehu yule. Miaka minne ananijazia nyumba kwa kuni za matope, na hataki tuzipikie. Zichukueni, mnisaidie!"

Sauti haikutetemeka. Ingetetemeka vipi? Nilikuwa nimeisema sentensi ile kila siku kwa miaka minne, kwa dharau ile ile, kichwa kimeinuliwa pale pale. Kaka alikuwa amesimama mlangoni, akatazama chini kama mtu aliyezoea kuaibishwa na dada yake. Kijana akapiga teke mzizi mmoja, akacheka, wakaenda kwa jirani.

Makaa yalikwisha wiki ya tatu. Kutoka kununua hakukuwezekana, na moshi wa kuni mbichi ungesema nyumba hii inapikia watu wengi. Tulikaa siku mbili tunakula unga uliolowekwa maji. Siku ya tatu mtoto mdogo wa mama wa maziwa akaanza kulia kwa njaa, na mama yake akamziba mdomo kwa kiganja mpaka nikaogopa atamwua. Kaka akachukua kipande kimoja kutoka kwenye ule ukuta wa miti. Akakigonga kwa kidole, akakisikiliza, kwa mazoea tu. Halafu akakivunja kwa goti.

Mti uliwaka bila moshi. Masika mawili mvunguni, hakuna mafuta, hakuna rangi, uliwaka kwa moto mweupe, safi, na chungu kikachemka upesi. Tangu siku hiyo kila mlo ulikula kipande. Yeye ndiye aliyechagua. Nilidhani ataanza na vile vibaya, lakini hakuchagua hivyo. Alichukua kilicho karibu. Na kila kipande kilichokwenda motoni kilifungua tundu kwenye ukuta mbele ya wale watoto, nasi tukaliziba kwa magunia ya vipande vya nguo, na kuomba Mungu wapekuzi wasirudi wakaona mabadiliko. Walirudi mara mbili. Mara zote mbili nilisema neno langu, na mara zote mbili liliaminiwa.

Nilikuwa nachochea moto mimi. Kwa hiyo niliviona vyote kwa karibu, kimoja kimoja, kabla ya kuvitia. Mzizi wa funza wawili na kizibo chake cha maalim. Tawi lililopinda kama mtu anayefunga kamba ya kiatu. Na vile vya mwaka wa mwisho, ambavyo hakunionyesha. Nilivishika jikoni kwa mara ya kwanza. Ningesema nini, na kwa uso gani? Mtu anakatwa kidole kimoja kila siku, wewe umwambie kilikuwa kidole kizuri?

Mwanzoni mwa Julai alibaki ndege peke yake. Alikuwa ameachwa nyuma kwa sababu ya vanishi yangu, ingetoa moshi mweusi na harufu ya kumwita kila mwenye pua. Wapekuzi walikuwa wameanza kukimbia mji kuwakwepa waasi wa kaskazini, lakini wanaokimbia ndio waliotisha zaidi, na hatukuthubutu kutoka. Maharage yalikuwa yamelowekwa tangu jana. Mama wa maziwa alikaa mlangoni mwa chumba, sufuria mapajani.

Kaka akakaa sakafuni na kipande chake cha chupa, akaanza kukwangua vanishi. Nilidhani atakwangua ovyo ovyo, ni kuni sasa. Alikwangua kama alivyokwangua siku zote, akifuata mshipa, akipuliza unga, akigeuza. Ilimchukua asubuhi nzima. Akaomba kipande cha kaki. Nikampa. Akasugua kwa mchanga, akamaliza kwa kiganja. Macho hayakutoka, niliyachoma yakaingia ndani sana, lakini shingo ile ilirudi.

Akainuka. Akausogeza mkasi, akamweka juu ya cherehani yangu, akarudi nyuma hatua mbili na kukunja mikono. Alikuwa amekonda hata saa ya mkononi ilimteleza ikaishia kwenye kiwiko.

"Dada, unaonaje?"

Nilimchukua ndege. Nilimgeuza kama ninavyogeuza suti. Nilipitisha kidole chini ya shingo, mahali ambapo mafundi wabaya huficha ubovu wao, na hapakuwa na ubovu. Palikuwa na matundu mawili ya msumari, ya mkono wangu. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta, mikono ilikuwa na kazi.

"Imepita," nikasema.

Kaka akaitikia kwa kichwa, kama alivyoitikia mbele ya baba. "Basi inaweza kutoka," akasema, akamchukua kutoka mikononi mwangu, akamvunja kwa goti, shingo kwanza.

Vingine vyote vilikwisha kuwa majivu bila kupita. Wale wanne walitoka hai chini ya kitanda kile, na mdogo wao sasa ana nyumba yake Gahanga. Kaka aliishi miaka kadhaa, alirudi kwenye suti, na mtoni hakushuka tena. Nani angeokota kitu kwenye mto ule baada ya maiti zilizopita humo? Watu huniuliza kama alibakiza kazi yoyote waione. Nawaambia hapana.

Siku ile nilichochea moto mpaka maharage yakaiva. Hakukuwa na moshi. Kaka alimpakulia mama wa maziwa na watoto kwanza, halafu mama, halafu mimi, nami nikala sahani yangu yote.